Kabla ya kununua shokapu mpya, sikiliza pikipiki inavyolia

PIKIPIKI inapoanza kulia upande wa nyuma, wahudumu wengi wa bodaboda huamua upesi kwamba shokapu imekufa na sharti inunuliwe nyingine. Si ajabu basi kelele ile ile kurejea baada ya siku chache, fedha zikiwa zimekwisha kutumika.

Suala hili linawagusa hasa wahudumu wa Jilore, magharibi mwa mji wa Malindi. Ukiiacha barabara iendayo Lango la Sala, njia nyingi za vijijini baina ya Mto Sabaki na msitu wa Arabuko-Sokoke ni za udongo na mchanga: vumbi wakati wa kiangazi, matope na mashimo wakati wa masika. Katika njia hizo pikipiki hubeba abiria, magunia ya mahindi na maembe, hata mitungi ya maji.

Shokapu ina sehemu mbili kuu. Springi hubeba uzito, nayo oili iliyo ndani, ikisukumwa kupitia vitundu vidogo, huizuia springi isirukeruke. Ncha zake hushikwa kwa bolti zinazopita ndani ya bushi za mpira. Hivyo basi, kelele yaweza kutoka katika mojawapo ya sehemu hizi, au pengine kabisa.

Anza kwa kuondoa shaka. Kaza bolti za madigadi, keria na kibati cha nambari, kisha ukague mnyororo. Simamisha pikipiki kwa stendi kubwa, ushike gurudumu la nyuma na kulisukuma kushoto na kulia. Likicheza, kagua beringi za gurudumu na bushi za mkono wa chuma unaolibeba. Shokapu huenda haina hatia.

Pili, tofautisha sauti. Mlio mwembamba kila unapoketi huashiria bushi iliyokauka au kuingia mchanga. Mwagia maji kidogo bushi moja baada ya nyingine. Mlio ukikoma kwa muda, hapo ndipo penye kasoro. Mgongano wa chuma kwa chuma hutokana na bolti iliyolegea au bushi iliyolika. Mshindo mzito shimoni una maana kwamba shokapu imefika mwisho wake, ama kwa sababu mzigo umezidi au springi imechoka. Sauti ya kufyonza nayo hutokea hewa inapochanganyika na oili.

Tatu, kandamiza kiti kwa nguvu kisha ukiachilie. Shokapu nzima huinuka mara moja na kutulia. Ikidunda mara mbili au tatu, au fimbo yake ikiwa imelowa oili, mpira wa kuzuia oili umekufa. Hapo si suala la kelele tena. Gurudumu hurukaruka bila kuishika ardhi, breki hukosa nguvu, na abiria wa nyuma ndiye wa kwanza kurushwa. Badilisha shokapu zote mbili kwa pamoja, kwani moja mpya na moja kuukuu huiyumbisha pikipiki. Lakini iwapo kasoro ni bushi, badilisha bushi tu. Bei yake ni ndogo mno ikilinganishwa na ya shokapu.

Kuhusu utunzaji, pangusa fimbo kwa kitambaa safi baada ya safari za matope, wala usiielekezee maji ya mashine yenye kasi. Usipake oili chafu ya injini, kwani hunasa mchanga na kuharibu mpira. Hakikisha springi za pande zote mbili zimekazwa kwa kiwango kimoja. Aidha, shokapu yenye gesi isitobolewe wala kuchomelewa, maana yaweza kulipuka.

Wenye baiskeli za milimani zenye shokapu ya nyuma wanaweza kufuata utaratibu uo huo. Nyingi hutumia hewa badala ya springi, kwa hiyo wapime hewa mara kwa mara. Baadhi ya watengenezaji hupendekeza chumba cha hewa kifunguliwe na kusafishwa kila baada ya saa 50 hivi za kuendesha.

Hatimaye, hakuna shokapu inayostahimili mzigo usio na kipimo. Sheria ya Trafiki, iliyofanyiwa marekebisho mwaka 2012, inaruhusu abiria mmoja tu kwa kila pikipiki. Anayeitii hulinda maisha ya abiria wake, na shokapu pia.