Kamera Inapoingia Mapafuni

Mkazi wa Morogoro anayekohoa kwa wiki mbili huanza na kikopo cha makohozi. Makohozi hayo hupimwa maabara, na mengine hunuswa na panya buku wanaofunzwa na shirika la APOPO katika Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine. Panya mmoja hupitia sampuli 100 kwa dakika 20 hivi, na zile anazozitilia shaka hurudiwa maabara. Kwa wengi, majibu hayo na picha ya eksirei hutosha.

Bronkoskopi, yaani kuchungulia mapafu kwa kamera, huja pale ambapo hayatoshi: makohozi hayaonyeshi kifua kikuu ilhali eksirei ina kivuli, mgonjwa anatema damu, au daktari anashuku saratani. Hapo hupewa rufaa kwenda hospitali kubwa, kama Muhimbili.

Kifaa chenyewe ni mrija laini, mwembamba kama penseli, wenye taa na kamera nchani. Hupitishwa puani au mdomoni hadi kwenye matawi ya mapafu, kisha daktari hukusanya majimaji au hukata kinyama cha kupima. Mjapani Shigeto Ikeda ndiye aliyeleta mrija unaopindika, miaka ya 1960. Bomba la chuma lililonyooka, ambalo Mjerumani Gustav Killian alilitumia mwaka 1897 kutoa mfupa uliokwama, bado lina kazi, hasa kwa mtoto aliyepaliwa na karanga au punje ya hindi. Yeye hulazwa usingizi kabisa.

Hofu kubwa ya wagonjwa ni kukosa pumzi. Mrija ni mwembamba kuliko njia ya hewa, hivyo hewa hupita pembeni yake, na oksijeni huongezwa. Koo hutiwa ganzi, na mara nyingi hutolewa dawa ya kutuliza. Utakohoa na hutaweza kusema, kwa hiyo kubalianeni mapema ishara ya mkono.

Acha chakula, uji na chai ya maziwa angalau saa 6 kabla, maana matapishi yakiingia mapafuni ni hatari. Mweleze daktari kama una pumu, kisukari, ugonjwa wa moyo, ujauzito au jino linalolegea, na hasa kama unatumia dawa za kuzuia damu kuganda.

Baadaye usile wala kunywa hadi ganzi iishe. Ukipewa dawa ya kutuliza, usiendeshe pikipiki kwa saa 24. Michirizi ya damu kwenye makohozi ni kawaida. Damu nyingi, maumivu ya kifua, kuhema kwa shida au homa isiyoshuka vinakurudisha hospitali mara moja. Ndiyo maana anayetoka vijiji vya milimani kama Mgeta au Kinole alale kwa ndugu mjini usiku huo, asipande mlima siku ileile.

Kabla ya kuondoka, uliza majibu yatatoka lini na nani atakupigia. Kuotesha vimelea vya kifua kikuu huweza kuchukua wiki 6 au zaidi, na nauli ya kushuka tena bure ni kubwa.