Motokaa Kuukuu Iliyopungukiwa Nguvu

Motokaa iliyofanya kazi miaka ishirini haifi ghafula. Hupungukiwa nguvu kidogo kidogo, hata mwenyewe asitambue, mpaka siku moja mlima ilioupanda siku zote kwa gia ya tatu yaupanda kwa gia ya kwanza, tena kwa kuguna. Hapo mwenyewe huenda kwa fundi, na mara nyingi huambiwa ya kwamba injini imekwisha, yafaa anunue nyingine iliyotolewa katika gari lililovunjwa huko Japani. Mtu huuza ng'ombe, au huingia katika deni, akafungiwa injini ile, na pengine nguvu ikawa ile ile ya kwanza, kwa kuwa ugonjwa haukuwa katika injini hata kidogo. Kwa hiyo twapenda kuwaeleza wasomaji wetu jinsi nguvu ya motokaa ipoteavyo, na jinsi iwezavyo kurudishwa kwa fedha chache. Twasema kurudishwa, maana kumpa mzee nguvu asizozaliwa nazo ni jambo jingine, wala si rahisi.

Kwanza hakikisha kwamba injini ndiyo mgonjwa. Tazama upepo wa tairi, maana tairi laini huvuta gari nyuma. Kisha endesha kilomita chache pasipo kukanyaga breki sana, usimame, uweke mkono karibu na kila gurudumu, bila kuligusa, lisije likakuunguza. Ukiona moja lina joto kupita wenziwe, basi breki yake yashika, nawe umekuwa ukinunua petroli ya kushindana na breki. Tena, ikiwa mlimani injini yapiga kelele na mwendo hauzidi, yaelekea klachi yateleza. Magonjwa haya mawili yamewafanya watu wengi kutupa injini njema.

Liko na jambo la nchi yenyewe. Hewa ya nyanda za juu ni nyepesi kuliko ile ya pwani. Mbeya ni karibu mita 1,700 juu ya bahari, na injini isiyo na taabo hupoteza huko takribani sehemu moja katika saba ya nguvu iliyo nayo Dar es Salaam. Mwenye kutoka pwani asiilaumu motokaa yake kwa hayo. Lakini ikiwa ni gari la zamani lenye kabureta, petroli hubaki kadiri ile ile hali hewa imepungua, nalo hutoa moshi mweusi. Fundi ajuaye kazi aweza kuweka katika kabureta jeti yenye tundu dogo zaidi, nayo ni kitu cha bei ndogo. Magari yenye kompyuta hupima hewa na kujirekebisha yenyewe.

Sasa tuje kwenye injini. Kila kilo 1 ya petroli yahitaji karibu kilo 15 za hewa ili iungue vema. Basi chakula kikubwa cha injini ni hewa, nasi twakaa katika nchi ya vumbi. Fungua kasha la chujio la hewa ulitazame. Chujio la karatasi lisioshwe kwa petroli wala maji. Likung'utwe, au lipulizwe taratibu kutoka upande wa ndani, na likiwa limechakaa linunuliwe jipya. Mwaka 2009 wataalamu wa Oak Ridge huko Marekani walipima jambo hili, wakaona kwamba katika magari yenye kompyuta chujio lililoziba halizidishi sana ulaji wa petroli, ila hupunguza wepesi wa gari kuongeza mwendo. Katika magari ya kabureta huharibu yote mawili. Wako madereva waondoao chujio kabisa ili injini ipumue. Nguvu huonekana kwa muda, na vumbi hilo husaga silinda na ringi kama jiwe lisagavyo mtama. Tazama pia bomba la mpira litokalo kwenye chujio: likipasuka, hata ufa mdogo chini yake, hewa huingia bila kupimwa na injini hutetemeka ikiwa imesimama.

Baada ya hewa ni moto. Fungua plagi zote, uzipange kwa taratibu ya silinda zake, kwa maana plagi ni kama ulimi wa mgonjwa. Yenye rangi ya hudhurungi hafifu ni njema. Yenye masizi makavu meusi yasema petroli ni nyingi au cheche ni dhaifu. Iliyolowa oili yasema oili yapita ndani ya silinda. Iliyo nyeupe kama chokaa yasema joto limezidi au petroli ni haba. Nafasi ya plagi ipimwe kwa kipimo chake, kwa kadiri iliyoandikwa katika kitabu cha gari, wala si kwa jicho. Katika magari yenye waya za plagi, fungua boneti usiku penye giza, injini ikiwa inafanya kazi, ukae mbali kidogo: waya mbovu huonekana ikirusha vimulimuli vya moto pembeni.

Kuhusu petroli, badili chujio lake, maana katika gari kuukuu kutu ya tangi huliziba, na gari hukosa nguvu hasa mlimani linapotaka petroli nyingi. Tena jihadhari na petroli iliyochanganywa mafuta ya taa, ambayo huifanya injini igonge kama misumari ndani ya kopo. Udanganyifu huo ulizidi hata mwaka 2018 Serikali ya Kenya ikaweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuuzuia.

Iko desturi moja tusiyoipenda. Gari likichemka, mafundi wengine huitoa thamostati na kuitupa. Kwa kufanya hivyo injini hukawia kupata joto lake, kompyuta hudhani ni asubuhi ya baridi ikazidisha petroli, oili haipati moto wa kutosha, na silinda huliwa. Thamostati mpya ni rahisi kuliko petroli ipoteayo kwa miezi michache. Kama gari lachemka, rejeta ndiyo iangaliwe.

Wala msinunue sumaku za kufunga katika bomba la petroli, wala vidude vyenye kuahidi nusu ya petroli. Idara ya Serikali ya Marekani ichungayo usafi wa hewa imechunguza vyombo vya namna hiyo zaidi ya 100, na haikupata hata kimoja kilichopunguza ulaji wa petroli kwa kiasi kikubwa.

Haya yote yakiisha kufanywa na gari lingali dhaifu, ndipo mwambie fundi apime mkandamizo wa kila silinda. Ni kazi ya muda mfupi, tena asiye na kipimo hicho hafai kukuambia kwamba injini imekwisha. Katika magari mengi ya Toyota silinda hazipasi kupitana zaidi ya bar 1. Iliyo chini itiwe kijiko cha oili katika tundu la plagi, ipimwe tena. Kipimo kikipanda, ringi zimelika, na injini hiyo yastahili kufunguliwa. Kisipopanda, valvu hazifungi au gasketi imepasuka. Basi nafasi za valvu zipimwe na kurekebishwa kwanza, kabla kichwa cha injini hakijatolewa, kwa kuwa valvu iliyobanwa kupita kiasi haiwezi kuufunga mlango wake, na kuilegeza hakutaki kununua kitu kikubwa ila mara nyingi gasketi ya mfuniko tu.