Mpira Unakimbilia Kulia: Kabla Hujanunua Shafti Mpya ya Draiva

Baada ya epizodi ya gofu tulipokea jumbe za sauti nyingi kuliko tulivyotegemea, na moja ndo imenikalisha chini niandike. Ni kaka wa miaka 26, yuko Leicester, kazini kwao kuna siku ya gofu mwezi wa sita na mabosi wote watakuwepo. Yeye ndo mgeni kwenye timu. Kila akipiga draiva mpira unaanza vizuri, halafu unakata kona kulia kama daladala iliyoona trafiki. Sasa ameona shafti nyeusi mtandaoni, pauni 280, muuzaji anaapa inaua slaisi. Hela anayo, lakini ni ile aliyoiweka kwa ajili ya ada ya mdogo wake Tanga. Anauliza, "Ninunue au nisinunue?"

Jibu fupi: usinunue bado, kaka. Jibu refu ni hili, na nadhani litawafaa wengi.

Tuanze na maneno, maana wengi wetu tumejifunza gofu kwa Kiingereza na Kiswahili kwa mama. Draiva ni ile fimbo ndefu kuliko zote, yenye kichwa kikubwa, ya kupigia mpira wa kwanza ukiwa juu ya kijiti. Shafti ni mti wake, kati ya kishikio na kichwa. Kwa bibi yangu huo ni mpini tu, kama wa jembe, na kusema kweli ndilo neno bora. Slaisi, sio slesi ya mkate, ni mpira unaopinda kwenda kulia kwa mtu anayepiga mkono wa kulia. Kama wewe ni wa shoto, kila nikisema kulia soma kushoto.

Kwa nini unapinda? Ukiguswa, mpira unaanza safari karibu na pale uso wa fimbo unapotazama. Halafu unapinda kulingana na tofauti kati ya uso huo na njia ambayo fimbo ilikuwa inapita. Uso ukitazama kulia kuliko njia, mpira unapinda kulia. Basi, hakuna uchawi. Wengi tunafika hapo kwa namna ileile: bega la kulia linawahi mbele, fimbo inapita kutoka nje kuja ndani kama mtu anayefuta meza, na uso umebaki wazi.

Kuna chanzo kingine ambacho watu hawakishuku. Ukiupiga mpira kwa kisigino cha kichwa, yaani ule upande ulio karibu na shafti, kichwa kinajigeuza kidogo wakati wa kugonga, na mpira unapata mzunguko wa kuupeleka kulia hata kama swingi yako ilikuwa safi. Nenda duka la dawa, nunua poda ya miguu ya kupuliza, ipulize kwenye uso wa fimbo, piga mipira kumi. Alama itakuambia. Nilifanya kazi miaka miwili ya Jumamosi kwenye duka la uwanja mmoja wa mazoezi huko Midlands, nikibadilisha vishikio na kuwapa watu fimbo wakati wa kupimwa, na nakuhakikishia kopo lile la poda lilitoa majibu mengi kuliko maelezo yote ya kwenye maboksi.

Sasa shafti inaingiaje? Unapoishusha fimbo, kichwa kinabaki nyuma kidogo na shafti inapinda. Ikikaribia mpira inanyooka, halafu inapinda upande wa pili, kichwa kikitangulia mbele. Kikitangulia, lofti inaongezeka, yaani ule mwinamo wa uso, na uso wenyewe unajifunga kidogo kuelekea kushoto. Shafti laini inafanya hivyo zaidi, ngumu inafanya kidogo. Ndo maana utasikia kwamba shafti ngumu mno inaleta slaisi. Kuna ukweli ndani yake, ila kipimo chake ni kidogo: ni habari ya digrii moja hivi, si zile digrii sita au saba ambazo uso wako umebaki wazi. Halafu mwili nao una akili yake. Ukipewa shafti tofauti, baada ya mipira michache mikono inajirekebisha bila wewe kujua, na watu wawili wenye spidi sawa wanapata matokeo tofauti kabisa na shafti ileile.

Zile herufi pembeni zimewachanganya wengi. R ni ya kawaida, S ni ngumu, X ni ngumu sana, na A au M ni laini, mara nyingi wanaiita ya wazee. Tatizo ni kwamba hakuna kipimo kimoja kinachowabana watengenezaji wote. S ya kampuni moja inaweza kuwa laini kuliko R ya kampuni nyingine. Ni kama saizi za viatu, unajaribu kwanza. Kwa makisio ya kawaida, spidi ya kichwa ya maili 85 hadi 95 kwa saa ni R, 95 hadi 105 ni S, ukivuka hapo unaanza kufikiria X. Wale wa PGA Tour wastani wao ni kama maili 115. Kaka yetu wa Leicester alipimwa 92. Shafti anayoitaka ni ya wale wa 115, imetengenezwa ili mpira uende chini na usizunguke sana, kwa sababu wao wanahofia mpira kukata kushoto. Yaani ni dawa ya ugonjwa ambao hana. Anaipenda kwa sababu ameiona mikononi mwa mabingwa kwenye TV, na siwezi kumlaumu, ile rangi nyeusi inavutia kweli.

Kwangu mimi, ukiniuliza kitu kimoja cha kuangalia kwenye shafti yenyewe, ni uzito, sio ugumu. Shafti za grafaiti za draiva ziko kuanzia kama gramu 40 hadi 80. Nyepesi sana, fimbo inakuwa kama unyoya, mtu mwenye mabega yenye haraka anaitupa nje na kukata mpira palepale. Nzito sana, anachelewa, uso unafika ukiwa bado wazi. Mwenye swingi ya haraka na ya nguvu mara nyingi anatulia akipewa gramu 60 au 65 badala ya 50. Mwenye swingi ya polepole anaweza kwenda upande wa pili. Hili hulijui mpaka umepiga zote mbili, moja baada ya nyingine, siku hiyohiyo.

Urefu nao wengi wanaupuuza. Sheria zinaruhusu fimbo hadi inchi 48, na tangu Januari 2022 mashindano makubwa yanaweza kuweka kikomo cha inchi 46. Draiva za dukani nyingi ni 45.5 na kuendelea, kwa sababu ndefu inauza umbali. Lakini kadiri fimbo inavyorefuka ndivyo kuipata katikati ya uso kunavyokuwa kugumu. Poda yako ikionyesha alama zimetapakaa, jaribu jambo la bure kwanza: shusha mikono inchi moja kwenye kishikio. Piga mipira ishirini hivyo. Ikituliza mambo, ndo unaweza kufikiria kukata shafti ibaki kama 44.5, na ikatwe upande wa kishikio, sio upande wa kichwa, maana ukikata kule chini unaifanya ngumu zaidi. Kila nusu inchi inayopungua, kichwa kinahisi chepesi kwa kama pointi tatu za uzito wa swingi, na pointi moja unairudisha kwa gramu 2 hivi za utepe wa risasi. Inchi nzima ni kama gramu 12. Fundi anajua, ila wewe muulize.

Kuhusu torki, yaani shafti inavyokubali kujinyonga, iko kati ya digrii 3 na 6 kwa nyingi. Zenye torki ndogo ni ghali, na kwa mwenye slaisi hakuna sababu ya kulipia. Pale shafti inapopindia, chini au juu, panagusa zaidi kimo cha mpira kuliko mwelekeo. Tuendelee.

Kabla ya hela yoyote kutoka, angalia draiva uliyo nayo. Nyingi za siku hizi zina ile shingo ya kufungua kwa bisibisi yake. Ukiongeza lofti kwa kuizungusha, uso pia unajifunga kidogo ukiiweka chini. Kama kichwa kina kizito cha kusogeza, kipeleke upande wa kisigino. Na kama unapiga digrii 9 kwa sababu ndo aliyonayo rafiki yako, jaribu 10.5 au hata 12. Lofti kubwa inaongeza mzunguko wa nyuma, na mpira wenye mzunguko mwingi wa nyuma haupindi pembeni kirahisi. Angalia na vishikio. Vikiwa vimechakaa unakaba fimbo kama unamkaba mwizi, mikono inakakamaa, uso haufungi. Kipya ni kama pauni 10.

Sasa tuseme umefanya yote hayo na bado unataka shafti. Nenda ukapimwe. Fundi wa kanzu hakubahatishi kwa macho, anatoa utepe. Pale wana mashine inayosoma mpira na fimbo. Usiangalie umbali, hiyo namba ya umbali ndo inayouza. Omba akuonyeshe tofauti ya uso na njia, na mahali unapogonga. Piga mipira kumi kwa kila shafti, kisha rudia ile ya kwanza, maana saa ya pili umechoka na shafti ya mwisho inaonewa au inapendelewa. Na usikubali kufuta mipira mibaya. Hiyo mibaya ndo iliyokuleta. Kama shafti ya pauni 280 na ile iliyokuja na fimbo zinatoa mtawanyiko uleule, umeshapata jibu, sema asante na uondoke. Najua kuondoka mikono mitupu kuna aibu yake, hasa ukiwa ndo sura pekee kama yako mle ndani. Waache. Hela ni yako.

Wale wa kununua mitumba mtandaoni, shingo za kampuni tofauti haziingiliani. Shafti yenye shingo ya TaylorMade haitaingia kwenye kichwa cha Callaway, na kubadilisha shingo ni kazi ya gundi na moto. Uliza pia kama ilishakatwa, na kiasi gani.

Na mkirudi nyumbani likizo, Nairobi iko juu, hewa ni nyepesi, mpira unaenda mbali na unapinda kidogo. Usijitangaze umepona. Shuka Mombasa, ule uwanja wa ukingoni mwa bahari, ndo utajijua.

Kaka yetu nilimpigia. Poda ilionyesha kisigino, mara nane kati ya kumi. Ameshusha mikono, ameongeza lofti digrii moja na nusu, na amelipia masomo mawili kwa mwalimu wa hapo jirani, kwa chini ya nusu ya bei ya ile shafti. Mpira bado unaenda kulia, ila anasema sasa anaupata ukiwa kwenye nyasi, sio kwenye maegesho ya magari. Ada ya Tanga imeshatumwa.