Mwezi wa Novemba na Majina ya Wafu Wetu

Mtoto mmoja wa mafundisho alituuliza swali lililotuchekesha kwanza, kisha likatufikirisha. Alikuwa amesikia ya kuwa neno Novemba latoka katika Kilatini, na asili yake ni tisa. Akahesabu kwa vidole tangu Januari, akafika kumi na moja. Akasema, "Mwalimu, nani aliyekosea hesabu?"

Hakuna aliyekosea. Warumi wa kale waliuanza mwaka kwa mwezi wa Machi. Kwa hesabu hiyo Septemba ni wa saba, Oktoba wa nane, Novemba wa tisa, na Desemba wa kumi. Baadaye Januari na Februari ziliwekwa mbele, lakini majina hayakubadilishwa. Miezi miwili tu ilipewa majina ya watu: wa tano uliitwa Julai mwaka 44 kabla ya Kristo, kwa heshima ya Julius Caesar, na wa sita uliitwa Agosti mwaka 8 kabla ya Kristo, kwa heshima ya Kaisari Augusto. Novemba nayo ilikaribia kupotewa na jina lake. Wazee wa baraza la Roma walitaka kuuita kwa jina la Tiberio, yule Kaisari aliyetajwa na Mtakatifu Luka, kwa kuwa alizaliwa mwezi huo. Yeye akakataa, akawauliza watafanyaje watakapopata Kaisari wa kumi na tatu.

Wala sisi tusiwacheke Warumi. Watu wa pwani wafuatao mwezi mwandamo, wakiisha kufungua Ramadhani, huhesabu Mfunguo Mosi, Mfunguo Pili, hata Mfunguo Tisa, ndipo waje Rajabu na Shaabani. Na siku zetu je? Jumapili yataja pili, nasi Wakristo twaihesabu kuwa siku ya kwanza. Tena baada ya Jumatano yaja Alhamisi, ambayo kwa Kiarabu ni siku ya tano vile vile. Basi juma letu lina tano mbili, na sita halina kabisa!

Lakini si kwa ajili ya hesabu Mkristo aukumbuka mwezi huu. Tarehe 1 ni sikukuu ya Watakatifu Wote. Hapo kwanza Kanisa la Roma liliwakumbuka mashahidi wote tarehe 13 Mei, siku ambayo Papa Bonifasi IV, yapata mwaka 609, aliitabaruku Pantheon, nyumba ya miungu ya Warumi, iwe kanisa la Bikira Maria na mashahidi. Kisha Papa Gregori III alijenga kikanisa cha watakatifu wote ndani ya kanisa la Mtakatifu Petro, na mwaka 835, siku za Papa Gregori IV, tarehe 1 Novemba ilienea katika ufalme wa Wafranki.

Kesho yake, tarehe 2, ni ukumbusho wa Marehemu Wote. Desturi hii yatokana na Odilo, abati wa Cluny katika nchi ya Ufaransa, aliyewaamuru wamonaki wake, yapata mwaka 998, wawaombee wafu wote siku hiyo. Mwaka 1915, vita vikiwaka na watu wakifa kwa maelfu, Papa Benedikto XV aliwaruhusu mapadre wote kusoma Misa tatu siku hii. Na tangu tarehe 1 hata 8 waamini huzuru makaburi na kuwaombea wafu. Wako wasemao ya kuwa kufyeka kaburi la baba ni kurudia mila za kipagani. Sisi hatukubaliani nao hata kidogo. Jembe halina dini; la maana ni sala iliyo midomoni mwa mwenye kulishika.

Sasa twaja kwenye jambo ambalo kwa ajili yake tumeshika kalamu. Katika parokia nyingi ni desturi kukusanya majina ya marehemu kwa maandishi, yakawekwa karibu na altare mwezi mzima. Miaka kadhaa iliyopita, tulipokuwa wageni katika kazi hii, mama mmoja mzee alitujia na karatasi. Aliandikisha mumewe, watoto wake wawili na dada yake. Kisha akasema, "Na babu yangu, mwalimu? Yeye hakubatizwa. Alichukuliwa kuwa mpagazi katika vita, asirudi." Maana yake vita vya mwaka 1914 hata 1918. Nasi tukajibu upesi, kama mtu aliyeulizwa bei ya chumvi, "Hapana, mama. Andikisha waliobatizwa tu." Hakubisha. Aliikunja karatasi, akashukuru, akaenda zake.

Jioni tulimsimulia padre, tukitazamia kusifiwa. Padre alinyamaza kitambo, kisha akatufungulia maandiko ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ile Hati ya Kanisa ya mwaka 1964, sehemu ya 16. Humo mna mafundisho ya kwamba wale wasioijua Injili pasipo kosa lao, lakini wamtafuta Mungu kwa moyo mnyofu na kwa neema yake hujitahidi kuyatenda mapenzi yake kama dhamiri iwaonyeshavyo, waweza kuupata wokovu. Akatuuliza babu yule angeijuaje Injili, naye hakuletewa. Tena akatukumbusha ya kuwa katika Misa Kanisa huwaombea hata wale ambao imani yao yajulikana na Mungu peke yake.

Akatuambia pia tumsome Mtakatifu Martino, ambaye sikukuu yake ni tarehe 11 mwezi huu. Wengi twajua alivyolikata joho lake huko Amiens akampa maskini nusu. Wachache wakumbuka kwamba siku ile alikuwa mkatekumeni bado, hajabatizwa. Naye aliporudi kwao Pannonia, iliyo leo nchi ya Hungaria, alimwongoa mama yake, lakini baba yake hakukubali.

Ilikuwa tarehe hiyo hiyo ya 11, mwaka 1918, vita vilipokoma Ulaya. Huku kwetu habari zilichelewa, na majeshi ya Wajerumani yaliweka silaha chini huko Abercorn, iitwayo leo Mbala, tarehe 25 Novemba. Wapagazi waliokufa njiani kwa njaa na maradhi ni wengi mno, na wengi wao hawana kaburi lijulikanalo. Huko Dar es Salaam jina la Kariakoo ni kumbukumbu ya kikosi chao.

Kesho yake tulikwenda kwa mama yule. Mvua ya vuli ilikuwa imenyesha, tukamkuta shambani akipanda mahindi. Tulimwomba radhi, tukamwomba na ile karatasi. Alikuwa ameihifadhi ndani ya Kitabu cha Sala. Yeye hajui kuandika, basi tuliandika sisi, tukiitandaza gotini. Tulimwuliza babu yake alifia wapi. Akasema hakuna ajuaye, ila jina analijua, akalitaja mara mbili ili tusilikosee.