Kupimiwa Bure Kuna Gharama Yake

Kibandani kwa fundi wa kompyuta, iwe ni Magongo kule Changamwe, Bombolulu upande wa Kisauni au kando ya barabara itokayo kivukoni Likoni kuelekea Ukunda, huduma ya kwanza aghalabu haina bei. Mteja huleta sanduku lake, akalitua mezani na kusema skrini haionyeshi kitu. Fundi hulifungua, akapuliza vumbi kwa bloa, akachomoa hiki na kurudisha kile, kisha akatoa hukumu: kadi ya grafiki imekufa, itafutwe nyingine. Pesa huanza kuhesabiwa hapo. Muda uliokwenda katika kupima haumo kwenye hesabu, na pande zote mbili huona hivyo ndivyo biashara ilivyo. Hoja ya makala haya ni kwamba hapo ndipo biashara hii inapoharibikia. Kutafuta chanzo cha hitilafu ndiyo bidhaa yenye thamani kubwa kuliko zote anazouza fundi wa kompyuta kuukuu, na madhali inatolewa bure, mteja ataendelea kulipia vipuri asivyovihitaji, na fundi mahiri atapata riziki sawa na ya yule anayebahatisha.

Mashine zenyewe zinaeleza mengi. Kompyuta nyingi za mezani katika saiba, maduka ya uchapishaji na nyumba za Mombasa bara ni mitumba ya ofisi za Ulaya, maarufu kama ex-UK: Dell OptiPlex, HP Compaq, Lenovo ThinkCentre. OptiPlex 7010 na HP Compaq Elite 8300, kwa mfano, ziliingia sokoni mwaka 2012. Ziliundwa kwa kazi ya karani, hivyo picha ya skrini hutolewa na prosesa yenyewe, na kwa barua, fomu za eCitizen na ritani za KRA hiyo yatosha kabisa. Kadi ya grafiki huongezwa huku kwetu, na anayeiongeza ana sababu zake: anahariri video za harusi, anachora mabango, au ameweka chumba cha vijana kuchezea gemu. Ila sanduku halikuandaliwa kwa mzigo huo. OptiPlex 7010 ya umbo dogo ina pawa saplai ya wati 240. Kadi ya GTX 1650 hutumia hadi wati 75, na NVIDIA inayoiunda hupendekeza pawa saplai isiyopungua wati 300. Mashine itawaka, video zitahaririwa, hadi msimu wa harusi ukolee na kazi izidi usiku kucha. Skrini ikizima, lawama zote huiendea kadi. Ikinunuliwa nyingine ya aina ile ile, tatizo linaweza kurudi baada ya muda, na safari hii atakayelaumiwa ni aliyeiuza.

Fundi makini hana haraka ya kutaja kadi. Kwanza huichomoa, akachomeka waya wa skrini kwenye tundu la mazabodi. Picha ikija, mashine ni nzima na washukiwa wamebaki wawili, kadi na umeme unaoilisha. Isipokuja, huenda kadi imesingiziwa tu. Hapo atajaribu waya na skrini nyingine, kisha RAM moja baada ya moja, meno yake akiyasugua kwa kifutio cha penseli na kuyapangusa kwa spiriti. Atatazama kama taa ya kitufe cha kuwashia inamweka rangi ya chungwa, alama ambayo Dell waliiweka makusudi kutaja hitilafu. Atashika mita na kupima kama zile volti 12 za pawa saplai zinasimama imara kadi inapofanya kazi, au zinashuka. Atakagua kapasita zilizovimba vichwa. Hakuna hatua hata moja kati ya hizi inayohitaji kipuri kipya, na mara nyingi tatizo hukomea hapo hapo.

Pwani kuna sababu za ziada za kupima kabla ya kununua. Hewa ya bahari hubeba chumvi, chumvi huvuta unyevu, na unyevu hula viunganishi vya chuma. Mashine ya dukani Likoni iliyokaa dirisha wazi miaka mitano huwa na kutu mahali ambapo ya Nakuru ingekuwa na vumbi tu. Kisha kuna stima. Agosti 25, 2023 sehemu kubwa ya nchi ilikaa gizani, na Desemba 10 mwaka huo huo giza likarejea, mbali na kukatika kwa kawaida kwa mtaa mmoja mmoja. Umeme unaporudi kwa kishindo, kifaa cha kwanza kuupokea ni pawa saplai. Ikichoka, huonyesha dalili zile zile za kadi mbovu: skrini nyeusi, mashine kujizima, picha yenye mistari. Asiyepima hawezi kuzitofautisha.

Sasa tufuate pesa. Kama kupima ni bure, fundi atatoa wapi kodi ya kibanda na nauli? Ataitoa kwenye faida ya kipuri. Hii haina maana kwamba ni mwizi; ni kwamba mfumo mzima unamlipa akisema "badilisha" na kumnyima akisema "waya wako ulilegea." Gharama ya kukosea nayo ni kubwa zaidi bara kuliko kisiwani. Kadi haipatikani kila kibanda, hivyo fundi wa Mtongwe atavuka feri kwenda mjini, na ikikosekana huko ataagiza Luthuli, Nairobi, ije kwa basi la usiku. (Inachekesha kidogo: bidhaa nyingi za namna hii hushushwa bandarini Mombasa, zikapanda reli hadi Nairobi, kisha zikashuka tena kwa barabara kurudi karibu na pale zilipoanzia, kila kituo kikiongeza bei.) Mzigo huo wote hununuliwa kwa dola. Januari 2024 dola moja ilipita shilingi 160 kabla ya kushuka hadi karibu 130 baadaye mwaka huo, na VAT ya asilimia 16 ipo pale pale. Kipuri kilichoagizwa kimakosa ni pesa iliyolala, na mwenye duka hakubali kwa urahisi kurudishiwa kadi iliyokwisha kufungwa.

Wako wanaokwepa gharama hiyo kwa kuichoma kadi: huipasha kwa bloa la moto hadi picha irudi, wakalipwa kwa kazi hiyo. Mteja hufurahi kwa wiki kadhaa. Julai 2008 NVIDIA ilitangaza kutenga kati ya dola milioni 150 na 200 kwa ajili ya chipu zake za kompyuta za mkononi zilizokuwa zikifa mapema kwa sababu ya malighafi ya kifungashio na joto. Kampuni iliyoiunda chipu ilikubali hasara ya kiasi hicho. Itakuwaje moto wa dakika tatu uwe tiba ya kudumu? Kuichoma kadi kunaweza kuwa sehemu ya uchunguzi, kwa kuwa picha ikirudi fundi amejua ugonjwa uko wapi. Kuuza uchomaji huo kama matengenezo ni kumuuzia mteja muda tu.

Pingamizi la kwanza analolitoa kila fundi ni kwamba mteja akisikia bei ya kupima atavuka barabara kwenda kwa jirani. Baadhi wataondoka, ni kweli. Lakini wateja hao hao, gari likiwasha taa ya injini, hulipa karakana iliunganishe na mashine ya kusoma hitilafu kabla ya boliti kufunguliwa, na hawalalamiki. Tofauti ni mazoea tu. Njia nyepesi ni kutoza ada ndogo inayotolewa kwenye bili iwapo mteja atatengeneza hapo hapo, ili anayelipa bila kupata kitu kingine awe ni yule aliyekuja kutafuta jibu na kuondoka nalo. Sheria haipingani na hilo. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 ina sehemu kuhusu matengenezo ya magari na bidhaa nyingine, na makadirio ya gharama ni miongoni mwa mambo inayoyashughulikia. Ibara ya 46 ya Katiba nayo humpa mtumiaji haki ya kupata habari anazohitaji ili anufaike na anachokinunua. Habari hiyo, kwa mwenye kompyuta iliyozima, ni chanzo cha hitilafu.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: kwa nini kuhangaikia mashine ya 2012? Windows 10 iliacha kupata masasisho ya kawaida Oktoba 14, 2025, na Windows 11 rasmi haizikubali prosesa nyingi za Intel zilizo chini ya kizazi cha nane. Hata kadi zina umri wake; nyingi za GT 710 na GT 730 ni za kizazi ambacho NVIDIA iliacha kukitolea draiva za kawaida tangu 2021. Yote haya ni sahihi, na yote yanaitetea hoja ya kupima. Mwenye saiba Mishomoroni anayehitaji kuchapisha fomu tu hana haja ya kadi yoyote: kadi iliyokufa ing'olewe, waya uhamie kwenye mazabodi, Linux iwekwe, kazi iendelee. Mhariri wa video naye aambiwe wazi kwamba pesa za kadi mpya ziwe malipo ya kwanza ya mashine ya kizazi cha nane. Ushauri wa "usinunue" huweza kumwokolea mteja pesa nyingi kuliko matengenezo yoyote, ila hakuna fundi anayeweza kuutoa kila siku kama haumlipi hata senti.

Linabaki la udanganyifu: ada itatozwa na kupima kusifanyike. Hilo linawezekana, kama linavyowezekana sasa kwa vipuri, lakini ni rahisi kulidhibiti. Fundi aandike kwenye karatasi nini kilijaribiwa na nini kilionekana, hata kama ni mistari minne. Karatasi hiyo mteja anaweza kuipeleka kwa fundi mwingine ikahakikiwa, jambo ambalo haliwezekani kwa neno la mdomo. Mafundi wenye ujuzi wa kweli, wakiwemo wengi waliojifunza kazini bila cheti, ndio watakaofaidika kwanza, maana kwa mara ya kwanza ujuzi wao utaonekana.

Basi ukipeleka kompyuta kwa fundi, uliza bei ya kupima kabla ya kuuliza bei ya kadi, idai karatasi ya majibu, na kipuri kilichotolewa urudi nacho nyumbani.