Metali inayovutika kama donge la chapati

Je, msomaji, umewahi kuvuta donge la chapati? Ukilivuta kwa ghafla, hukatika papo hapo. Ukilivuta polepole, likiwa limekandwa vyema, hurefuka hadi ukashangaa. Huenda usiamini, lakini kuna metali zenye tabia iyo hiyo.

Kwa kawaida, kipande cha chuma kikivutwa kwa mashine hurefuka kidogo tu, kikakonda mahali pamoja, kisha kikakatika. Lakini mnamo mwaka wa 1934, mtaalamu mmoja nchini Uingereza, C. E. Pearson, alivuta aloi, yaani mchanganyiko, ya bismathi na stani. Kipande chake kilirefuka karibu mara 20 bila kukatika!

Siri ni nini? Ukitazama metali kwa hadubini, utaona imejaa punje zilizoshikana. Katika aloi hizi punje ni ndogo mno. Upana wake huwa chini ya maikromita 10, na unywele wako ni mnene mara kadhaa kuliko hapo. Metali ikipashwa moto wa kutosha, bila kuyeyuka, punje hizo huteleza moja kando ya nyingine.

Fikiria gunia la mchele. Ukilikalia hubadilika umbo, ilhali punje zenyewe hazipondeki. Lakini punje za metali zikiwa kubwa, au zikivutwa kwa haraka, haziwahi kuteleza na metali hupasuka.

Utauliza, hayo yanatuhusu nini? Ukisafiri kwa ndege, huenda maisha yako yakategemea jambo hili. Kampuni ya Rolls-Royce hutengeneza mapanga ya mbele ya baadhi ya injini zake kubwa kwa njia hii. Mabamba ya titani huunganishwa, hupashwa moto wa nyuzi 900 hivi za Selsiasi, kisha gesi ya agoni hupulizwa ndani hadi yakafura kama puto na kujaza kalibu. Panga hutoka likiwa na uwazi ndani. Ni jepesi, hivyo mafuta huokolewa, lakini lina nguvu ya kustahimili kugongwa na mwewe angani.

Kazi hii huenda polepole na hugharimu pesa nyingi, kwa hivyo usitarajie sufuria yako itengenezwe hivyo. Hata hivyo, utakapofunga mkanda ndegeni, kumbuka wahenga hawakukosea: haraka haraka haina baraka.