Gego la Miaka Sita

Mama wa Kivu, Kongo, hasemi jino linamuuma mwanawe. Husema linamuluma, kana kwamba limemgeuka na kumng'ata mwenyewe. Katika kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, Tanzania, iliyofunguliwa 1996 kwa ajili ya Wakongo na kupokea Warundi wengi kuanzia 2015, utamsikia akisema hivyo huku kashika shavu la mtoto. Na pasipo na umeme wala mashine, tiba ni koleo.

Wazazi wengi hawalii sana. Si jino la utoto? Litaota jingine. Kumbe kuna mtego. Akifika miaka sita hivi, mtoto huota gego nyuma kabisa ya magego ya utoto, bila jino lolote kung'oka kulipisha. Kwa kuwa halikuanza na pengo, huhesabiwa pamoja na ya utoto. Lakini hilo ni la ukubwani. Likitoka, ndiyo basi. Tena uso wake una mifereji ambamo biskuti na uji wa sukari hunasa. Bakteria hula sukari hiyo, hutoa asidi, na asidi huyeyusha madini ya jino.

Njia ya kuliokoa ilianzia Tanzania hii hii, Dar es Salaam, katikati ya miaka ya 1980, pale Jo Frencken, daktari wa meno kutoka Uholanzi, na wenzake walipoanza kuziba meno bila mashine. Mtoto hulazwa juu ya meza. Kijiko chenye kichwa kidogo kama punje ya mtama hukwangua sehemu iliyooza, nayo hutoka laini kama ugali uliolowa. Mara nyingi hata sindano ya ganzi haihitajiki, maana sehemu hiyo haina uhai wa kuhisi. Unga wa simenti ya meno na maji yake hukorogwa, hupachikwa shimoni, kisha daktari hupaka vaselini kwenye kidole cha glavu na kukandamiza mpaka dawa iingie hata mifereji ya jirani. Bakteria waliosalia chini hufungiwa humo bila chakula, na simenti yenyewe huachia floridi polepole. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliiingiza simenti hii katika orodha ya dawa muhimu.

Akishuka mezani, mtoto huambiwa asitafune kitu kwa saa moja. Kwa aliyepanga foleni tangu alfajiri, saa hiyo ni ndefu.